Mtani wa Kuazima

Asubuhi niliyoondoka Ilala sikuwa nimegombana na mtu wala sikuwa na safari. Nilitoka nje kupiga mswaki, nikatazama kushoto nikaona watu wanaonijua, nikatazama kulia nikaona njia tupu, nikaenda kulia. Nilipofika Jangwani ndipo nilipotambua kwamba kijiti cha mswaki bado kimo mdomoni, na kwamba kwapani nina kifurushi changu chenye shuka, shati la pili na kikombe cha bati. Sikumbuki kukifunga. Huenda kichwa hakikuwa na mpango lakini mikono ilikuwa nao. Nikakitia kijiti mfukoni, nikaendelea.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili, wakati Magomeni bado ni mashamba na nyumba za kuhesabu, na mtu wa mjini akisema anakwenda Kinondoni anaulizwa atarudi lini. Mimi hakuna aliyeniuliza. Siku tatu kabla yake nilikuwa nimefukuzwa kazi, na sababu ya kufukuzwa sina budi kuieleza, kwa kuwa ndiyo iliyonitembeza siku nzima.

Nilikuwa mfagizi. Mjini, juu ya duka moja la vitambaa, palikuwa na chumba ambamo wazee sita wa Kihindi na Mzungu mmoja mwembamba walikutana kila Alhamisi alasiri kusoma elimu waliyoiita tiosofia. Mkubwa wao alikuwa karani mstaafu, mzee mpole ambaye hakuweza kufikiri mpaka ameipandisha miwani yake juu ya paji la uso. Akishafikiri, alianza kuitafuta. Aliitafuta mezani, akaitafuta mifukoni, akainama akaitafuta chini ya kiti, huku akikohoa kikohozi cha vipande viwili, kifupi halafu kirefu, na muda wote huo hasikii neno la mtu. Ungeweza kumwambia nyumba inaungua. Akiipata alisema "Ahaa," kama aliyekutana na rafiki stesheni, kisha akauliza chai mbona haina sukari, ingawa kikombe alikwisha kukimaliza.

Wenzake walisoma kwa Kiingereza na kubishana kwa lugha yao. Mimi nikifagia, yeye alinifasiria kwa Kiswahili cha dukani, kwa sababu aliona nasimamisha ufagio ili nisikie. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu. Nilimwuliza mwalimu moto wa taa ukizimwa unakwenda wapi, akanijibu kwa fimbo, nikaona jibu lile halilingani na swali. Basi chumba kile kilikuwa mahali pa kwanza ambapo niliuliza nisipigwe.

Karma, kwa alivyonifasiria mzee, ni kwamba hakuna tendo linalopotea. Ukitenda, tendo lako huondoka likazunguka, kisha hukurudia hata kama umehama nyumba. Na ukifa, hukungoja mlangoni ukizaliwa tena. Maya ni kwamba haya tunayoyaona siyo yenyewe, ni kama vivuli juu ya pazia, na sisi tumekaa mbele ya pazia tunagombania viti. Na la tatu, ambalo yeye alilipenda zaidi na mimi nililiamini kidogo kuliko yote, ni kwamba ndani kabisa watu wote ni mtu mmoja. Nilimwuliza kama hata yeye na mimi ni mtu mmoja. Akasema ndiyo, kabisa, halafu akanipa kikombe chake nikioshe.

Kosa langu lilianzia kwenye maya. Nilimwuliza kama hata vumbi ni maya, akasema hata vumbi. Nikalifikiria jambo hilo wiki nzima, na Alhamisi iliyofuata sikufagia. Wala ile nyingine. Kufagia kitu kisichokuwapo niliona ni kumkosea heshima mwalimu. Alhamisi ya tatu Mzungu alipiga chafya mpaka mkutano ukasimama, na mzee akapitisha kidole juu ya meza akanionyesha. Nikamkumbusha, kwa adabu, kwamba lile ni maya. Nilidhani atafurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi.

"Vumbi ni maya," akasema, "na kazi yako pia sasa ni maya. Nenda. Lakini ujue, ufagio ulioukataa nyuma utakungoja mbele."

Kwa hiyo nilipokuwa nikivuka bonde la Jangwani asubuhi ile, katikati ya majaruba ya mpunga, nilikuwa natazama kila kitu kwa mashaka. Nilijikwaa kwenye mzizi, nikasimama kutafuta tendo lililonirudia. Nililipata moja la utotoni, la kuficha kiatu cha jirani, lakini maumivu ya kidole yalikuwa madogo kuliko hasira ya yule jirani, nikahisi deni bado halijaisha, nikaanza kutembea kwa kuinua miguu juu kama kuku kwenye matope. Mbele kidogo nikamtwika mama mmoja kikapu chake cha samaki. Nilipofika Magomeni mama mwingine, asiyenijua, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma bila kumwomba. Nilikaa chini nikala na kufikiri. Ikiwa muhogo ule ulikuwa malipo ya kikapu, nani alimpelekea habari? Na ikiwa haukuwa malipo, basi sasa nina muhogo wa watu tumboni ambao utadaiwa maisha yajayo. Niliumaliza hata hivyo, ila bila raha.

Alasiri ilinikuta Kinondoni. Ilikuwa minazi, mikorosho, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na njia za mchanga zinazozunguka kila nyumba kana kwamba zinaomba ruhusa. Kwenye nyumba moja nikaona watu wengi wamekaa juu ya mikeka, wamenyamaza, na uani moto unafuka moshi. Msiba haupitwi. Nilivua kofia nikaingia, nikawapa makiwa, nikakaa pembeni. Siwezi kusema kwamba sikuwa nimesikia harufu ya wali.

Niliona mara moja kwamba watu wale wamechoka kuliko wanavyohuzunika. Jirani yangu wa mkeka alinieleza kwa sauti ya chini. Marehemu alikuwa mzee mmoja fundi cherehani, amezikwa siku tisa zilizopita, na tanga lilitakiwa liondolewe siku ya tatu. Lakini katika ukoo ule wa Kizaramo tanga haliondolewi mpaka mtani aje awacheke, amwigize marehemu, halafu afagie majivu ya moto wa msiba kwa mkono wake. Mtani wao wa siku zote, Mnyamwezi mmoja mzee, alikuwa amesafiri kwao Tabora, hajulikani atarudi lini. Basi wamekaa. Mihogo yao inaliwa na nguruwe mwitu, na wao wanakula mchele wa mfiwa, na hakuna anayeweza kuinuka wa kwanza.

Ndipo akatoka dada mkubwa wa marehemu, bibi mrefu aliyejifunga kaniki, ambaye kila mtu pale alimwita Shangazi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alinitazama toka kifurushi hadi miguu yenye vumbi.

"Mgeni, kabila gani?"

Hapa lazima niseme ukweli. Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Akiulizwa kabila alijibu Mnyamwezi, kwa kuwa wanyapara wa genge lake walikuwa Wanyamwezi nao walipendelea wenzao. Akilewa alisema mengine: mara babu yake alitoka Manyema, mara aliokotwa njiani na msafara, hana kwao. Mama aliniambia nisimchunguze, kabila la mtu ni lile alilojibu siku ya kwanza. Kwa hiyo sikujua mimi nani, na Kinyamwezi chote nilichokuwa nacho kilikuwa salamu moja niliyoisikia kwa makuli. Lakini nilikuwa na njaa, na mkeka mzima ulikuwa umenigeukia.

"Mnyamwezi," nikasema. "Mwangaluka."

Shangazi akaniangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akaweka mikono kiunoni.

"Mnyamwezi. Harufu ya wali imekufikia Tabora, ukaja mbio ukiwa umebeba kifurushi ili usirudi mikono mitupu."

Wote wakaningoja. Nikajua nikijibu kwa heshima nimeharibu.

"Nimesikia Mzaramo amefanya kazi hadi akafa," nikasema. "Nikaona nije kuthibitisha, maana huko kwetu hakuna aliyeamini."

Kabla hawajanijibu niliwaza mambo mengi. Nikiwa mtani, maneno yale ni dawa. Nisipokuwa mtani, nimemtukana maiti nyumbani kwake mbele ya wanaume ishirini wenye fimbo. Na maneno ni yale yale, herufi kwa herufi. Sasa tusi linakaa wapi? Si mdomoni mwangu, kwani mimi mwenyewe sikujua kama nimetukana. Mzee wa miwani angelipenda swali hilo. Mimi nililiogopa.

Wakacheka. Walicheka kama watu wanaotua mizigo, na mmoja akapiga mkeka kwa kiganja akasema mtani amekuja, amekuja na njaa yake na ukoo wake. Nikaletewa wali. Nikala huku wakinihesabia matonge kwa sauti, ambayo ndiyo haki yao.

Nilipokwisha kunawa Shangazi akaniita kando ya nyumba, na hapo utani ukamtoka usoni. Aliniambia tatizo siyo mtani peke yake. Mjane wa marehemu, ambaye ni wifi yake, amekaa ndani ameelekea ukutani tangu siku ya maziko, hali ila akilazimishwa, halii, na amesema tanga lisiondolewe hata wakija watani mia. Asubuhi ile ya mwisho waligombana wawili wale, ugomvi wa watu wa ndani, na fundi alipokuwa anatoka kwenda mjini kununua uzi, mkewe alimpigia kelele mgongoni: nenda, na ukienda usirudi. Hakurudi. Alianguka njiani kabla hajafika mjini, wakamleta juu ya machela.

"Anachotaka kujua ni kimoja," Shangazi akasema. "Kama alisikia. Kamwuliza kila mtu. Kamwuliza mwalimu wa msikiti, akamwambia aombe msamaha kwa Mungu. Yeye akafahamu kwamba basi alisikia."

Tena kulikuwa na jambo la miwani. Fundi hakuonekana bila miwani, lakini maiti ililetwa haina. Shangazi aliamini kuna mtu aliyeivua usoni mwa mfu pale barabarani, na alikwisha kumwapiza mwizi huyo kwamba macho yake yaone kila kitu mara mbili mpaka airudishe. Alinieleza hilo huku akifikicha jicho lake la kushoto, akisema tangu majuzi linamsumbua.

Nakiri kwamba nilikuwa karibu kufungua mdomo nikamweleza karma. Nilikuwa nayo tayari, bado ya moto kutoka mjini: hakuna neno linalopotea, kila neno huzunguka na kurudi. Namshukuru Mungu nilikuwa na punje ya wali kwenye jino, nikashughulika nayo kwanza. Na nilipokuwa nikishughulika nayo nikaona kwamba elimu ile, iliyokuwa nzuri sana juu ya duka la vitambaa, nikiishusha hapa itamwua mtu. Kuna mama amekaa ndani tayari anaijua bila kufundishwa.

Shangazi akanipa kizibao cha marehemu, kile alichoshonea, kimechomekwa pini kifuani mstari kwa mstari kama nishani, na kofia yake ya kitambaa. Akaniambia niingie nimwigize. Kwa desturi ya pale mtani hakatazwi chumba. Nikamwuliza nimwigize vipi na mimi sikumwona hata siku moja. Akasema yule mtani wao wa zamani ndiye aliyemjua. Mimi nitajua mwenyewe, hiyo ni kazi ya mtani siyo yake, akanisukuma.

Chumba kilikuwa na wanawake kumi hivi juu ya mikeka, na kule mwisho mgongo wa mtu ndani ya kaniki. Nilisimama mlangoni nimevaa nguo za mtu nisiyemjua, pini zikinichoma. Kitu pekee nilichokijua kuhusu fundi ni kwamba alikuwa mzee na alikuwa na miwani. Na mzee mwenye miwani niliyemjua alikuwa mmoja tu duniani.

Nikapandisha miwani isiyokuwapo juu ya paji la uso. Nikafikiri. Kisha nikaanza kuitafuta.

Niliitafuta juu ya kasha, nikaitafuta mifukoni, pini ikaniingia kidoleni nikasema neno la Kihindi. Nikakohoa, kifupi halafu kirefu. Mwanamke wa kwanza akaziba mdomo na upande wa kanga. Nikainama nikatafuta chini ya mkeka alioukalia bibi mmoja mnene, nikamwinua goti, nikalirudisha. Yule bibi akasema, "Ndiye. Wallahi ndiye," akaangua kicheko mpaka akalala ubavu. Wengine wakafuata. Walikuwa wanapigana mabega, wanaulizana nani kamfundisha huyu, mmoja akisema hata kikohozi, jamani, hata kikohozi. Nilikuwa namwigiza karani wa Kihindi ambaye wakati ule ule, nadhani, alikuwa hai mjini akilalamika juu ya mfagizi mpya.

Nimelirudia jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Huenda mzee alisema kweli na ndani kabisa watu wote ni mtu mmoja. Huenda wazee wote wenye miwani ni mtu mmoja, ambayo ni habari ndogo zaidi. Na huenda watu waliokaa siku tisa bila kucheka wangemtambua marehemu hata katika mbuzi. Sina njia ya kujua. Pale ndani sikuwa na nafasi ya kuchagua, maana ule mgongo uligeuka.

Alikuwa mama wa makamo, uso umekauka, macho makubwa. Hakucheka. Alinitazama kizibao, akanitazama kofia, na kicheko chumbani kikapungua chenyewe mpaka kikaisha.

"Baba," akasema, kama alivyozoea kumwita mumewe, "asubuhi ile ulinisikia?"

Mkono wangu ulikuwa bado chini ya mkeka. Nikaona majibu mawili mbele yangu, moja la ndiyo nimesikia na nimekusamehe, na jingine la hapana sikusikia, na yote mawili sikuwa na haki nayo. Aliyelijua jibu yuko chini ya mchanga. Basi nikafanya lile nililokuwa nikilifanya. Niliendelea kutafuta. Nikakohoa, kifupi halafu kirefu.

Akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu aliyezoea kuuliza mara mbili.

"Nakuuliza, asubuhi ile ulinisikia?"

"Asubuhi gani?" nikasema. "Mimi tangu alfajiri natafuta miwani. Ngoja kwanza niipate, halafu useme." Na kwa kuwa mzee wangu asingeishia hapo, nikaongeza, "Na chai hii mbona haina sukari?"

Sikujua kilichotokea mpaka alipopiga kelele.

"Sukari iko chini!" akasema. "Miaka yote nakwambia sukari iko chini, koroga! Nikutilie mara ngapi? Unainywa yote ndipo unaniuliza?"

Akaendelea kunigombeza hivyo, na katikati ya kugombeza kicheko kikamtoka, kisha kilio, na vyote viwili vikaenda pamoja kwa muda mrefu, na wanawake wenzake wakamshika. Nikaelewa kwamba huo ndio uliokuwa ugomvi wenyewe. Mtu amekaa siku tisa ameelekea ukutani kwa sababu ya sukari isiyokorogwa. Nilitoka kinyumenyume, jasho likinitiririka ndani ya kizibao cha fundi.

Baadaye kidogo sauti yake ikasikika kutoka ndani ikisema tanga liondolewe.

Shangazi akaniletea ufagio. Ulikuwa wa njukuti za mnazi, mpya, umefungwa kwa ukambaa mwekundu. Nikaupokea nikausimamisha, nikamsikia mzee wangu masikioni kana kwamba yuko nyuma ya mnazi. Majivu ya siku tisa si machache. Nilifagia uani kote, nikafagia baraza, nikayakusanya nikayatupa kwenye njia panda kama nilivyoelekezwa, na hakuna aliyenisaidia, kwa kuwa ni kazi ya mtani, walisimama wakinikosoa. Wakasema Mnyamwezi anafagia kama anachota. Moshi ukaniingia puani nikapiga chafya kama yule Mzungu, na kwa kila chafya walisema wananipunguzia tonge moja la jioni. Ikiwa vumbi lile lilikuwa maya, basi lilikuwa maya ya kwenye mapafu.

Nilipokuwa nafunga mkeka wa mwisho, Shangazi akaja akasimama karibu nami. Watu walikuwa wanaagana, wengine wanakimbilia mihogo yao.

"Yule mtani wetu wa siku zote," akasema, bila kunitazama, "alitufundisha salamu za kwao. Mwangaluka wanaamkiana asubuhi. Wewe umenisalimia jua linashuka."

Nikasema labda kwetu sisi ni desturi nyingine.

"Labda," akasema. "Baba yako alikuwa Mnyamwezi?"

Nikamwambia alijibu hivyo siku ya kwanza, siku nyingine alijibu vingine. Nilidhani ataniita mwongo mbele ya watu waliobaki. Aliokota jani la mnazi chini akalitupa pembeni.

"Nyamaza hivyo hivyo," akasema. "Tulikuwa tunahitaji mtani. Kama Mungu katuletea wa kuazima, tutamrudisha akidaiwa. Unalala wapi?"

Nikamweleza kwamba sijui, sikuondoka nikiwa na pa kulala. Alisema aliyefagia majivu halali njiani, ni nuksi kwa nyumba. Mjane anakaa eda na yeye Shangazi atabaki naye ndani. Lakini chumba cha mbele, cha cherehani, kina mlango wake wa barazani na hakina mtu. Nikae, nifagie uwanja kila siku, na nisipige gumzo na wateja watakaokuja kuchukua nguo zao, wapelekwe kwake. Kwa hiyo nilipata kazi ile ile niliyofukuzwa, siku ya nne.

Chumba kilikuwa kidogo, kina kitanda cha kamba, rafu ya vitambaa vilivyokunjwa, na kule dirishani cherehani imetupiwa kanga tangu siku ya msiba, hakuna aliyeigusa tena. Nikaweka kifurushi changu. Nilitaka kuisogeza cherehani nipate njia ya kufungua dirisha, nikaivua kanga.

Miwani ilikuwa hapo. Ilikuwa imening'inia kwa mkono mmoja kwenye kijiti cha kutilia kibunda cha uzi, na kijiti hakikuwa na uzi. Mtu alikuja hapa asubuhi ile kuangalia uzi gani umekwisha, akaivua, akaitundika, akageuka, akaanza kuitafuta.

Nilikaa kitandani nikiishika. Nilikuwa nimesema uongo wa mtani, nilioutoa kwa mtu mwingine kabisa, na sasa huu hapa umekaa mkononi mwangu una vioo viwili na waya. Si ushahidi kwamba hakusikia. Mtu anaweza kutafuta miwani na kusikia. Lakini kwamba alitoka bila miwani kwa kuwa hakuiona, na kwamba asubuhi ile aliitafuta, hilo sasa nililijua, nami nililisema kabla sijalijua. Mzee wa mjini angelipandisha miwani yake juu akalieleza. Mimi mpaka leo sijaweza.

Nikampelekea Shangazi mlangoni. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, na nikaona anakumbuka lile apizo lake, ambalo sasa halina mwizi wa kwenda kwake. Alifikicha jicho. Akanong'ona Mungu amsamehe yeye, na pia yule mtu asiyekuwapo, akaingia nayo ndani.

Nilisikia minong'ono ya wawili nyuma ya ukuta, halafu mtu anapuliza moto uani. Nilitandika shuka langu. Jua lilikuwa bado halijazama, mwanga wake umepita dirishani ukaangukia suruali moja iliyoshonwa mguu mmoja tu, na nikawa najiuliza mwenye suruali hiyo ni nani na atakuja lini.

Shangazi akarudi. Alikichukua kikombe changu cha bati, akaenda nacho, akakileta kimejaa chai inayofuka.

"Wifi yangu kaitengeneza mwenyewe," akasema. "Kasema nikwambie ukoroge."

Sikuwa na kijiko. Nikatoa mfukoni kijiti changu cha mswaki, nikakipangusa kwenye shati, nikakoroga.